Mkasi Hukata Kifaransa: Kusoma Meseji ya Kolwezi

"Bjr yaya. Ku depot metorex ilisema Co 2, dc feza haiko mingi. Ya masomo ya batoto nitatuma kesho soir, stp usikasirike. Njo vile, mdr. Tkt. Nitabip."

Meseji hii nimeitunga mwenyewe, ili barua ya mtu ibaki siri yake. Lakini namna yake ya kuandika wanaijua wote wenye ndugu Kolwezi, Likasi au Fungurume, kusini mwa Congo. Mchimbaji mdogo wa kobalti anamwandikia mkubwa wake wa kuzaliwa, ambaye huko Katanga huitwa yaya, awe mwanamume au mwanamke. Anamweleza kwamba mali imepimwa ikaonekana hafifu, na fedha ya shule itachelewa mpaka kesho jioni. Nataka tuisome kwa subira ile ile tunayoipa beti ya shairi, neno baada ya neno, tukiuliza kwa nini hili limekatwa na lile limeachwa zima. Wako wanaosema vijana wa migodini wameua lugha mbili kwa mpigo, Kiswahili na Kifaransa. Nadhani hawajatazama mahali mkasi ulipopita.

Tazama vifupisho vyenyewe: bjr, dc, stp, mdr, tkt. Vyote ni vya Kifaransa. Bonjour ni salamu ya kutwa, donc ni "kwa hiyo", s'il te plaît ni "tafadhali", mort de rire ni "nimekufa kwa kicheko", na t'inquiète ni "usiwe na wasiwasi". Kisha tazama Kiswahili: ilisema, feza, haiko, mingi, nitatuma, usikasirike. Hapo hakuna neno lililopungukiwa hata herufi moja. Njo inaweza kumdanganya msomaji wa pwani akadhani ni ndiyo iliyobanwa na kidole, lakini njo ilikatwa na ulimi zamani sana, kabla simu hazijafika, na Katanga nzima huitamka hivyo. Kwa hiyo kila alipopunguza mwandishi huyu alikuwa ndani ya Kifaransa, ingawa depot na soir ameziacha, na kila aliporudi katika Kiswahili ameandika kila kitu.

Maelezo ya kwanza yanayokuja kichwani ni ya sauti. Tahajia ya Kifaransa imebeba herufi nyingi zisizotamkwa, na neno kama bonjour linatambulika hata likibaki konsonanti tatu. Kiswahili hakina herufi za bure, na zaidi ya hapo vokali zake ndizo zinazoshika sarufi. Usikasirike ni ombi zima ndani ya neno moja. Ondoa silabi ya pili, ubaki na ukasirike, nalo ombi limegeuka. Nitatuma ni ahadi, nilituma ni taarifa, nitume ni swali au kuomba ruhusa, na yote matatu yakinyang'anywa vokali yanakaribia kufanana. Tena mtu wa Kolwezi akithubutu kuandika ntm kwa maana ya nitatuma, atakuwa amemtumia mkubwa wake tusi zito la mama, maana katika Kifaransa cha simu herufi hizo tatu zina mwenyewe tayari. Hatari hiyo mwandishi wa Tanga au Mombasa haimhusu.

Hata hivyo maelezo hayo hayatoshi, na anayeyavunja ni mtu wa Dar es Salaam. Yeye hukikata Kiswahili bila huruma. Huandika hbr kwa habari, sn kwa sana, kbs kwa kabisa, nko kwa niko. Lugha ni ile ile, vokali ni zile zile, na bado inakatika na kueleweka. Basi si Kiswahili chenyewe kinachokataa mkasi.

Tofauti iko katika kile ambacho mpokeaji anakijua tayari. Kifupisho ni mapatano. Ninapokuandikia hbr nakutegemea urudishe vokali tatu nilizoziacha, na utaweza tu ikiwa wewe na mimi tuna picha moja ya neno zima. Tanzania picha hiyo ipo: habari imeandikwa namna moja tangu darasa la kwanza, katika gazeti, katika kamusi, kwenye kibao cha ofisi ya kata. Kolwezi, picha ambayo ndugu wawili waliipata pamoja kwenye dawati ni ya Kifaransa. Katiba ya Congo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na kalamu ya shuleni hufundishwa zaidi kukiandika hicho. Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya soko, ya shimoni, ya kanisani. Watu hukisema kutwa nzima bila kukubaliana jinsi ya kukiandika. Mtu yule yule asubuhi ataandika njo na jioni ndjo. Leo feza, kesho fedha. Mutu hapa, mtu pale akikumbuka kile kinachoitwa huko Kiswahili bora. Neno lisilo na umbo moja lililokamilika haliwezi kukatwa, kwa sababu msomaji hana mahali pa kulirudisha. Inabidi liandikwe zima ili lisikike.

Hapa ndipo naona hukumu ya wakosoaji imesimama kichwa chini miguu juu. Wanakisoma kifupisho kuwa dalili ya kukosa elimu, kumbe ni ushahidi wa shule. Kijana aliyeandika dc anajua kwamba donc huishia kwa herufi c, na anajua kuwa yaya wake anajua. Mtu asiyepita darasani hawezi kuandika dc. Angeandika donki au donk, kama anavyolisikia. Na Kiswahili chake kilichonyooka, kisicho na pengo, si usafi wa makusudi. Kinaonyesha kwamba lugha anayoitumia kumwomba ndugu asikasirike hakuwahi kufundishwa kuiandika, naye ameiandika hata hivyo, kwa sikio lake, vizuri kabisa.

Tofauti ya dawati inaonekana wazi zaidi kwenye tarakimu. Mwandishi wa Nairobi au Mwanza huandika 2taonana, cjui, m2. Ameazima majina ya Kiingereza: 2 inatoa sauti ya tu, c inatoa sauti ya si. Ni ufundi mzuri, maana vipande hivyo viwili, tu na si, ni viambishi vya sarufi. Tarakimu moja ya kigeni imekaa kwenye kiti cha "sisi", na herufi moja imebeba ukanushi mzima. Lakini mpelekee meseji hiyo mtu wa Kolwezi aliyezoea kuisoma 2 kwa Kifaransa. Atapata dö-taonana, na herufi c kwake ni se. Yeye ana michezo yake, iliyotoka Ufaransa: 2m1 ni demain, yaani kesho, kwa sababu 2 inatamkwa karibu na de na 1 inatoa mlio wa puani unaomalizia neno. Bi1 ni bien. Koi 2 9 ni swali la kuuliza kuna jipya gani, ambamo 9 ni tarakimu na pia ni "mpya", kwa kuwa Kifaransa huzitamka sawa. Msomaji wa Mwanza atakodoa macho.

Hilo si jambo la kubuni kwa ajili ya hoja. Shaba nyingi ya Lualaba, mkoa wa Kolwezi, husafiri kwa malori kupitia Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, inavuka Zambia, inaingia Tunduma na kuishia bandari ya Dar es Salaam. Madereva wengi ni Watanzania. Wanapozungumza na watu wa Kolwezi kwa mdomo wanaelewana, pamoja na kuya kwa kuja na batu kwa watu. Sikio hujirekebisha upesi. Kwenye maandishi mkwamo huja pale pale kila upande unapofupisha. Wakongo na Watanzania wanashirikiana Kiswahili kizima, lakini wamegawanyika kwenye kilichokatwa, kwa sababu kila mmoja hukata kwa mkasi aliopewa na mtawala wake wa zamani. Ushauri wangu kwa dereva ni wa kiufundi tu: andika maneno yote. Kiswahili kisichofupishwa ndicho kinachovuka Kasumbalesa salama.

Kuandika kwa sikio kuna historia huko, tena ya heshima. Mwaka 1965, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Elisabethville, mtu anayeitwa André Yav aliandika kwa mashine ya chapa historia ya mji huo kama walivyoiona watumishi wa majumbani, maboi waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Jina la kijitabu ni la Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Ndani ni Kiswahili cha Katanga. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Jambo linalonigusa ni njia aliyolazimika kuipitia. Tahajia inabadilikabadilika, mipaka ya maneno haijatulia, alama za kituo ni chache. Ili maandishi yaeleweke, ilibidi mzungumzaji wa lugha hiyo, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti, na ndipo sentensi zikajitenga na maana ikatoka.

Msomaji wa meseji ya Kolwezi anafanya kazi hiyo hiyo, midomo ikichezacheza. Tofauti ni kwamba kijana wa leo anasoma kwa njia mbili katika mstari mmoja. Bjr anaisoma kwa jicho, kama mtu anavyotambua sura. Haiko mingi anaisoma kwa sikio. Mara nyingi hata nafasi kati ya maneno hufuata sikio: utakuta ba na sema mahali ambapo kitabu cha sarufi kingetaka banasema. Mwalimu ataona kosa. Mimi naona mtu aliyeisikia nafsi, kisha wakati, kisha kitendo, akaviandika kimoja kimoja kama Kifaransa kinavyotenganisha vyake. Ni uchambuzi wa kitenzi uliofanywa na mtu asiyeambiwa kwamba kitenzi huchambuliwa.

Sasa Co. Kifupisho hiki hakina uhusiano na simu wala na ujana. Ni alama ya kobalti katika kemia, ya mfumo uliopendekezwa na Msweden Berzelius mwanzoni mwa karne ya 19, na katika mashimo ya Kolwezi kinasemwa na watu ambao hawajawahi kuiona maabara. Metorex ni jina ambalo wachimbaji na wanunuzi hukiita kifaa cha mkononi kinachopima mawe kwa miali na kuonyesha asilimia ya madini. Kwenye madepo ya wanunuzi ya Musompo, nje ya mji, bei hufuata namba hiyo, na wachimbaji wengi hawaiamini. Angalia basi jinsi sentensi ilivyojengwa: metorex ilisema Co 2. Mnunuzi hayumo. Aliyesema ni mashine. Mtu aliyeishika, aliyeisoma, aliyekata bei, amefutwa kwenye sarufi, na mwandishi hana wa kumlaumu ila kitu. Sijui meseji ndefu ingelieleza vipi suala hilo vizuri zaidi ya maneno haya manne.

Tena mji huu ulilelewa kwa herufi kubwa. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa UMHK kwenye makaratasi yake. Baada ya kutaifishwa mwishoni mwa mwaka 1966 alikuja mrithi ambaye baadaye aliitwa Gécamines, GCM. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ni KTO na kinu chake cha kuchakata mawe ni KTC. KOV ni Kamoto Oliveira Virgule. DIMA ni Dikuluwe na Mashamba zilizounganishwa kwa silabi zao za kwanza. Leo kuna kampuni za KCC, TFM kule Fungurume, na MUMI. Baba akisema "nafanya kazi KTO", mtoto amekua akijua kwamba jina la mahali linaweza kunyofolewa herufi na bado likawa mahali, tena penye mshahara. Simu ilipokuja na nafasi yake ya herufi 160 kwa ujumbe mmoja, watu wa Kolwezi walikuwa wamezoea kusoma majina yaliyokatwa kwa vizazi viwili au vitatu. Kilichobadilika ni mwenye mkasi. Kampuni ilikata majina ya vijiji vya watu kwa urahisi wa makaratasi yake. Kijana anakata lugha ya kampuni kwa urahisi wa mfuko wake.

Kuna herufi moja ndani ya meseji hii ningependa wasomaji wangu wasiipite haraka, nayo ni t iliyo katikati ya stp. Kifaransa kina "tafadhali" mbili: moja ya mtu unayemwita wewe, nyingine ya mtu unayemwita ninyi kwa heshima. Zikifupishwa zinakuwa stp na svp. Maneno yote ya adabu yamekatwa, na uhusiano mzima kati ya watu wawili umebaki juu ya konsonanti moja. Angekuwa anamwandikia baba mkwe au mwenye depo, ingekuwa svp, na kukosea hapo kunasikika hata kwa mtu anayeandika Kifaransa kwa kubahatisha. Kwa yaya, t ni sahihi: ni wa karibu, wametoka nyumba moja. Lakini yaya ni mkubwa, na ukubwa huo stp haiwezi kuubeba. Nani basi anaubeba? Neno yaya lenyewe, lililowekwa mwanzoni, zima, mara baada ya salamu iliyokatwa. Salamu inaweza kupunguzwa. Cheo cha ukoo hakipunguzwi. Huku kwetu tumezoea kuandika kk kwa kaka na dd kwa dada, na nakiri kwamba nikilinganisha naona Kolwezi wametunza kitu ambacho sisi tumekiachia.

Halafu kinakuja kicheko. Njo vile, mdr. Anayefuata kamusi ya vifupisho ataelezwa kwamba mdr ni sawa na lol ya Waingereza, kicheko tu. Katika meseji hii hakuna jambo la kuchekesha. Fedha haikupatikana, ada imechelewa, ndugu anaweza kukasirika. Mdr imekaa baada ya njo vile, yaani "ndivyo ilivyo", na kazi yake ni kuzuia njo vile isisikike kama kilio. Bila mdr, maneno hayo mawili yangemlazimisha yaya kujibu kwa huruma. Yakifuatwa na mdr, anaruhusiwa kuyapita. Ni adabu ya mtu anayeficha uzito asimbebeshe mwenzake. Kwa hiyo maana ya kifupisho haimo kwenye orodha, imo kwenye jirani yake wa kushoto.

Tkt ndiyo naiona dhaifu. Usikasirike imetoka ndani: ni kitenzi chenye hofu ya kweli, kimetajwa kwa jina la hisia yenyewe. Tkt inafuata kama mtu aliyepiga bega la mwenzake na kuondoka. Inarudia ombi kwa sauti nyepesi zaidi, na kurudia huko kunalipunguzia nguvu ombi la kwanza. Ningekuwa mhariri wa meseji hii, hilo ndilo neno pekee ningelifuta, nikaiacha mdr ikutane moja kwa moja na nitabip.

Na nitabip ni mlango wa kutokea. Kubipu ni kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa, bila kulipa chochote. Mlio huo hauna herufi hata moja, nao ndio kifupisho cha mwisho kabisa, na maana yake hukopwa yote kutoka kwa maneno yaliyotangulia. Kesho jioni simu ya yaya italia mara moja, itanyamaza, naye atajua kwamba fedha imetumwa, kwa sababu meseji ya leo imempa ufunguo. Mlio ule ule bila meseji hii ungekuwa "nipigie", au "nimefika", au "nimekukumbuka". Mwandishi ametunga maandishi mawili: moja la maneno leo, moja la mlio kesho, na la kwanza ndilo kamusi ya la pili.

Serikali ya Kinshasa iliwahi kuonyesha, bila kukusudia, jinsi mfumo huu ulivyosukwa. Tarehe 3 Desemba 2011, siku chache baada ya uchaguzi, ilizima meseji nchi nzima kwa zaidi ya wiki tatu. Simu za sauti ziliachwa. Mwishoni mwa Desemba 2018, baada ya uchaguzi mwingine, zilizimwa tena meseji pamoja na intaneti, takriban wiki tatu. Katika siku hizo kubipu kuliwezekana bado, lakini hapakuwa na mahali pa kuandika mapema kwamba mlio wa kesho utamaanisha nini. Aliyebipu ilimbidi apigiwe, aeleze, na mtu alipe. Viziwi, ambao meseji ndiyo simu yao, hawakuwa na hata njia hiyo ya kuelezwa.